Kodi na hesabu za biashara ndogo Kigoma: dalili, chanzo na namna ya kujinasua

Kila mwisho wa Machi ukikaribia, meza yangu pale Mwanga hujaa karatasi zilizokunjwa mara nne. Nyingine zinatolewa kwenye pindo la khanga, nyingine kwenye mfuko wa shati, nyingine zinanukia dagaa. Ni makadirio ya kodi, notisi za madeni, barua za manispaa. Ninatunza hesabu za wafanyabiashara wadogo wa Kigoma Ujiji, na karibu kila karatasi ninayoisoma inanirudisha palepale: biashara anayoijua mwenyewe na biashara iliyoandikwa kwa afisa wa kodi ni vitu viwili tofauti. Pengo hilo ndilo linalouma kuliko hata kiwango cha kodi chenyewe.

Nimeandika mwongozo huu kwa kufuata malalamiko yanavyonifikia. Tafuta lalamiko lako, soma chanzo chake, kisha fanya kilichoandikwa hapo.

"Nimekadiriwa kodi inayozidi biashara yenyewe"

Mama mmoja anayeanika na kuuza dagaa pale mwalo wa Kibirizi alinisogezea karatasi yake akasema, "Mwanangu, hebu nisomee hapa. Wameniandikia milioni moja na laki nne. Hela hiyo mimi sijawahi hata kuishika kwa mkupuo."

Nikamuuliza, "Shikamoo mama. Daftari la mauzo liko wapi?"

"Marahaba. Daftari lipo kichwani."

Kilichompata kinawapata wengi, kwa hiyo nitakieleza kwa urefu. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo, bila kupigiwa hesabu ya faida. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2022, mauzo yasiyozidi milioni 4 hayalipi chochote. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu (yaani hesabu za maandishi) analipa 100,000, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000, na mwenye kumbukumbu analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7. Kuanzia milioni 11 hadi 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo yote.

Chukua muuza mawese wa Ujiji anayeuza milioni 9 kwa mwaka. Bila daftari analipa 250,000. Akiwa na daftari ni 90,000 jumlisha 60,000, yaani 150,000. Daftari la shilingi elfu mbili limemwokolea laki moja. Kila ninapoieleza hesabu hii mtu hunyamaza kidogo, kisha huuliza daftari zinauzwa wapi.

Sasa turudi kwa yule mama. 1,400,000 ni asilimia 3.5 ya milioni 40. Maana yake afisa aliamini mama anauza milioni 40 kwa mwaka. Aliipata wapi namba hiyo? Kwenye simu. Mama alipeleka taarifa ya miamala ya laini yake kama kielelezo, na laini hiyo ilikuwa na mambo matatu ndani yake. Lilikuwamo la mauzo yake mwenyewe. Zilikuwamo pesa za kikoba, kwa sababu yeye ndiye mweka hazina. Na alikuwapo mnunuzi wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, aliyezoea kutuma malipo ya kina mama watano, yeye akiwamo, kwake yeye mmoja, kisha yeye ndiye anawagawia wenzake. Afisa hakumwonea. Aliona shilingi zikiingia, akazihesabu zote kama mauzo, maana hakuna karatasi iliyomwambia vinginevyo.

Tulikaa jioni mbili. Tulikusanya stakabadhi za ushuru wa mwalo, risiti za kupakia magunia, daftari la kikoba (zuri sana, limeandikwa na binti yake wa sekondari), na majina ya wale kina mama wanne pamoja na miamala iliyotoka kwenda kwao saa chache baada ya pesa kuingia. Mauzo yake halisi yalikuwa milioni 17. Kodi yake ni 595,000. Tofauti na makadirio ya kwanza ni zaidi ya laki nane, na yote ilikuwa imejificha ndani ya laini moja ya simu.

Ukijikuta hapo, kumbuka siku. Una siku 30 tangu ulipopokea makadirio kuwasilisha pingamizi kwa maandishi TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Yule mama alikuja kwangu siku ya 19, tukabaki na siku 11. Pingamizi lina sharti lake: unatakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au ile sehemu usiyoibishia, ipi iliyo kubwa. Kama huwezi, unaomba kwa barua yenye sababu upunguziwe au usamehewe sharti hilo. Usikae kimya ukisubiri huruma. Usiporidhika na uamuzi wa TRA, kuna Bodi ya Rufaa za Kodi, na juu yake Baraza la Rufaa za Kodi. Lakini nikwambie ukweli wa meza yangu: mengi yanaisha pale dirishani, ukifika mapema na karatasi zilizopangwa kwa tarehe.

Chanzo cha pili cha makadirio makubwa ni mwezi mzuri kuchukuliwa kuwa mwaka mzima. Mtu wa nje ya Kigoma hajui kwamba dagaa hawavuliwi mwezi mzima. Uvuvi wa taa unataka giza; ikija mbalamwezi, mitumbwi inapumzika na chanja zinabaki tupu. Ukiulizwa "kwa siku unauza shilingi ngapi?" ukajibu kwa siku ya giza, na afisa akazidisha kwa siku za mwaka, umejifunga mwenyewe kwa ulimi wako. Jibu kwa mwezi. Sema siku ngapi unauza na siku ngapi huuzi.

Kisha kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kodi ya makadirio inalipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Angalia miezi hiyo mitatu inavyokaa: awamu ya Juni na ya Septemba zote zinakukuta umetoka au ukiwa ndani ya kipindi ambacho mzigo haupo. Makadirio yaliyofanywa mwezi wa pili au wa tatu, wakati soko limechangamka, hayawezi kuyaona hayo. Una haki ya kuomba yarekebishwe kabla mwaka haujaisha. Andika barua, taja tarehe za kufungwa, ambatisha kurasa za daftari za miezi hiyo zikionesha sifuri. Ukurasa wenye sifuri na tarehe ni ushahidi. Ukurasa usiokuwapo hauna la kusema.

Chanzo cha tatu kinawagusa zaidi wauza sukari, unga na saruji kwa jumla jumla, na hapa ndipo ninapoona watu wakiumia bila kujua kwamba mlango upo. Tuseme unauza milioni 60 kwa mwaka na faida yako ni asilimia 5, yaani milioni 3. Kodi kwa utaratibu wa mauzo ni 2,100,000. Umefanya kazi mwaka mzima ukabaki na laki tisa. Sheria inamruhusu mtu binafsi kujitoa kwenye utaratibu huo wa mauzo na kutozwa kwa faida, mradi awe na hesabu kamili. Kwa faida, 3,240,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi. Kwa mfano huu kodi ya mapato ingekuwa sifuri. Utamlipa mhasibu mwenye sifa akuandalie hesabu, na risiti za manunuzi utazitunza zote, hata ya kamba na viroba. Fanya hesabu ya gharama hizo kabla ya kuamua. Mwenye faida nene, kama fundi cherehani au mwenye saluni, abaki kwenye mauzo. Hapo asilimia 3.5 ni nafuu kwake.

Daftari ninalowachorea watu lina safu sita: tarehe, mauzo ya taslimu, mauzo ya mali kauli (ya mkopo), manunuzi, matumizi ya biashara, na nilichochukua mwenyewe. Linajazwa jioni kabla ya kufunga fremu, kwa Kiswahili, kwa kalamu ya wino. Ukikosea piga mstari mmoja, andika upya pembeni. Usichane ukurasa. Kumbukumbu hizo sheria inataka zikae miaka 5, kwa hiyo kigunia cha plastiki chini ya kitanda si mahali pake. Panya wa Kigoma wanapenda karatasi yenye harufu ya samaki.

"Nauza vizuri, lakini pesa sioni"

Hili si la kodi moja kwa moja, ila awamu ya kodi ndiyo inayolifichua. Inafika Juni, daftari linasema umeuza milioni nne, na laki moja ya TRA haipo.

Kwanza nauliza kuhusu mali kauli. Wafanyabiashara wetu wanaishi kwa neno: chukua gunia kumi, ukirudi Jumatano unilipe. Wengi wanalipa. Lakini mzigo ukivuka ziwa, Jumatano inakuwa mwezi ujao, na mwezi ujao mteja anataka mzigo mwingine ili auze ndipo alipe ule wa kwanza. Ukihesabu, mtaji wako wote uko Kalemie au Bujumbura na wewe unakopa kula. Weka ukomo. Kijana mmoja wa Gungu nilimshauri aandike nyuma ya daftari jina la kila mdaiwa, kiasi na siku ya ahadi, na akubaliane na nafsi yake kwamba asiyemaliza deni la zamani hapewi mzigo mpya, hata akiwa shemeji. Alipoteza wateja wawili. Hao wawili ndio walikuwa wameshika karibu nusu ya mtaji wake.

Kisha nauliza nani anakula dukani. Mtoto anachukua sabuni, mgeni amekuja anatumiwa nauli kutoka kwenye droo, msiba umetokea mtaani. Siwezi kukwambia usichangie msiba. Hapa kwetu huwezi kuishi hivyo. Nakwambia ujilipe. Panga kiasi kwa wiki, kichukue Jumamosi, kiandike kwenye ile safu ya sita, na msiba utoke humo. Duka lisiwe baba wa ukoo.

Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, ndio unaoniumiza kuliko yote. Dalili yake ni mtu anayeuza chini ya bei aliyonunulia ili tu apate marejesho ya leo. Ukifikia hapo, kuuza zaidi kunakuzamisha zaidi. Funga manunuzi mapya kwa wiki, uza kilichopo, nenda kwa mkopeshaji na daftari mkononi mpange upya marejesho, na mweleze mwenzako wa nyumbani. Wengi wanaficha hadi meza ya dukani inapobebwa mchana kweupe. Ipo pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako kabla hujafika kwa wale wa kausha damu.

Na laini ya simu: kuwa na laini au lipa namba ya biashara peke yake. Kikoba kiwe na laini yake. Wakala wa fedha naye asichanganye: kinachopita kwenye simu yake ni pesa za wateja, na mapato yake ni kamisheni tu. Asipotenganisha, anajionesha tajiri wa mamilioni kumbe anaishi kwa laki mbili.

"Mashine ya risiti imegoma"

Mwenye mauzo yanayofika milioni 11 kwa mwaka anatakiwa kutoa risiti za EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti. Yule mama wa Kibirizi, baada ya kuthibitisha milioni 17, ilimbidi anunue mashine. Baada ya wiki tatu akapiga simu: "Imekufa."

Haikuwa imekufa. Angalia kwanza karatasi. Ile ni karatasi ya joto, ina upande mmoja tu unaoandika. Ikwaruze kwa ukucha: upande unaotoa mstari mweusi ndio wa kuelekea kichwa cha mashine. Karatasi ikitoka nyeupe, mara nyingi umeiweka kinyume.

Kama karatasi iko sawa na mashine inakataa kuuza, uliza ripoti ya Z ilitolewa lini. Ni ripoti ya kufunga siku, na inatakiwa itoke kila siku uliyouza. Ukilala bila kuitoa, mashine nyingi zinakataa mauzo mapya hadi utoe. Mama alikuwa amefunga mapema Ijumaa kwenda harusini Kasulu, akaiacha hivyohivyo.

Inayofuata ni laini. Ndani ya mashine mna laini kama ya simu, na inahitaji bando ili itume taarifa TRA. Watu wanasahau kuilipia, au wako mahali mtandao unapokatika katika. Ipeleke mashine sehemu yenye mtandao, iwashe, iache itume yaliyojikusanya. Betri nayo ichajiwe usiku. Kwenye mwalo ambako umeme hauko karibu, sola ndogo inatosha.

Ikishindikana baada ya hayo, mpigie wakala aliyekuuzia, na siku hiyohiyo toa taarifa ofisi ya TRA kwa maandishi. Endelea kuuza ukitumia kitabu cha risiti za mkono, na mashine ikipona uingize mauzo hayo yote. Usimpe fundi wa simu wa mtaani afungue muhuri wa mashine hata akiwa na mkono mzuri kiasi gani. Na ukikosea kiasi wakati risiti imeshatoka, usiichane. Andika maelezo nyuma yake, itunze, kaieleze ofisini.

Neno kuhusu wateja wanaosema "niandikie pungufu". Kataa kwa upole. Faini ya risiti isiyo ya kweli ni kubwa kuliko faida ya gunia lolote, na mzigo wenye risiti ya kiasi kingine ukisimamishwa njiani, anayepigiwa simu ni wewe.

"Mwenye fremu hataki nikate asilimia 10"

Ugomvi huu unanifikia karibu kila mwezi. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango kabla ya kumlipa mwenye nyumba, na kuipeleka TRA. Inaitwa kodi ya zuio. Ni kodi ya mwenye nyumba. Wewe umepewa tu kazi ya kuibeba. Inapaswa kufika ndani ya siku 7 baada ya mwezi uliolipa pango kwisha.

Pango ni 150,000 kwa mwezi na unalipa miezi sita: 900,000. Mwenye fremu anapokea 810,000, TRA inapokea 90,000. Sasa yeye anasema, "Mimi nataka laki tisa yangu kamili, mambo ya TRA ni yako." Wapangaji wanakubali kwa kuogopa kufukuzwa, wanampa 900,000 na wala hawapeleki kitu. Mwaka wa pili notisi inakuja kwa jina la mpangaji, pamoja na riba.

Ukikubali abaki na 900,000 mkononi, jua umepandishiwa pango. Pango lako halisi limekuwa 1,000,000, kwa kuwa asilimia 10 ya milioni moja ndiyo inayomwachia laki tisa, na unapaswa kupeleka laki moja, wala si elfu tisini. Mwoneshe hesabu hiyo kwenye karatasi wakati wa kuandikishana, kabla hujalipa. Nimekaa na wazee wawili wenye fremu barabara ya Lumumba, tukazungumza kwa heshima, nikawaeleza kwamba ile stakabadhi ya zuio ni ushahidi kuwa kodi hiyo ya kwao imelipwa. Mmoja akakubali palepale. Wa pili akapandisha pango, lakini angalau mpangaji alijua anachokilipa. Mkataba nao uwe wa maandishi na ulipiwe ushuru wa stempu. Mkataba wa mdomo hauna msaada siku ya notisi.

"Leseni ya biashara haitoki"

Mara nyingi kizuizi ni kimoja kati ya hivi. Huna uthibitisho wa TRA kwamba umekamilisha kodi, kwa sababu kuna awamu moja ya zamani haijalipwa. Au TIN yako (namba ya mlipakodi) ulichukua kwa ajili ya leseni ya udereva, kwa hiyo si ya biashara. Inabidi uende ibadilishwe, hulipii kitu. Au jina la kitambulisho cha NIDA halifanani na jina ulilojaza. Au umehama kutoka Mwanga kwenda Katonga na taarifa zako bado ziko kata ya zamani. Maombi siku hizi yanafanywa kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao Tausi. Ukikwama, afisa biashara wa manispaa anaweza kukuonesha limekwama hatua ipi. Leseni ni ya halmashauri, kodi ya mapato ni ya TRA, jina la biashara ni la BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kulipa mmoja hakukutoi kwa mwingine, na ushuru wa huduma wa halmashauri unapigwa kwenye mauzo, kwa hiyo lile daftari lako linatumika na huko pia.

"Nina vijana watatu dukani, nao wana kodi?"

Anayelipwa hadi 270,000 kwa mwezi hakatwi kodi ya mishahara. Anayezidi hapo anakatwa, na unapeleka si zaidi ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara mkigawana, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni asilimia 0.5 juu yako wewe mwajiri. Tozo ya mafunzo ya ufundi inaanza ukifikisha waajiriwa 10, kwa hiyo kwa duka la vijana watatu usiihofie. Wengi wanaruka NSSF. Naelewa kwa nini, mshahara wenyewe mdogo. Lakini nimeshamwona kijana aliyeangukiwa na mzigo bandarini, hajaandikishwa popote, na tajiri wake akiuza pikipiki kumtibu.

"Nimekaribia milioni 200"

Ukifikisha mauzo ya milioni 200 kwa mwaka unasajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kiwango hiki kilipandishwa mwaka 2023. Awali kilikuwa milioni 100. Ritani, yaani taarifa ya kodi hiyo, inawasilishwa kila mwezi si zaidi ya tarehe 20, hata kama hukuuza kitu. Wanaosahau ritani ya sifuri ndio wanaokuja wakilia, maana adhabu ya kuchelewa haiangalii kama uliuza. Dagaa wakavu, kama samaki wengine wasiosindikwa kiwandani, wamesamehewa VAT, kwa hiyo wauza dagaa watulie. Muuza vifaa vya ujenzi asitulie.

"Kuna mtu amenipigia, anasema ni wa TRA"

Kodi hailipwi kwa namba ya simu ya mtu. Inalipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, benki au kwa simu, na jina linalotokea kabla hujathibitisha linapaswa kuwa la taasisi. Anayekuja dukani mwombe kitambulisho, andika jina lake kwenye daftari mbele yake. Afisa wa kweli hakasiriki. Anayetaka "kumalizana hapahapa" mwambie utafika ofisini kesho asubuhi, kisha ufike kweli.

"Nilifunga biashara zamani, mbona deni linaongezeka?"

Kijana alikuwa na banda la chipsi Ujiji, akaenda Uvinza kutafuta kazi ya chumvi. Alipiga kufuli, akauza kikaango, akaondoka. Miaka miwili baadaye alitaka leseni ya duka la nguo akakuta deni la banda ambalo halipo tena. TIN yake ilikuwa hai muda wote, na makadirio yaliendelea kwa sababu hakuna aliyeijulisha TRA.

Kama umefunga, hata kwa muda, andika barua. Taja TIN, tarehe ya mwisho kuuza, sababu, na kama unatarajia kurudi. Peleka na manispaa, rudisha leseni. Kama una mashine ya EFD, usiiache kabatini. Mweleze afisa uko nayo wapi. Ukiwa tayari umeshachelewa kama yule kijana, tafuta ushahidi wa siku uliyofunga: barua ya mtendaji wa mtaa, mkataba wa pango uliokwisha, mwenye eneo aliyempangisha mtu mwingine. Yeye alipata barua ya mtendaji na ya mpangaji aliyefuata, na miezi ya baada ya kufunga ikaondolewa. Miezi minne ya kabla ya hapo ilikuwa halali, akaomba alipe kwa awamu, akakubaliwa.

Barua zote andika nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo nyumbani. Yule mama wa Kibirizi anaiweka yake ndani ya bahasha pamoja na cheti cha TIN, na bahasha iko kwenye sanduku lenye kufuli, juu kabisa ya khanga zake za sikukuu.